Pua Iliyokaa Chini ya Kofia

Pua niliyonayo leo imekusanywa. Ngozi ya upande wa kulia imetoka kwenye paji la uso wangu, gegedu linaloshikilia tundu la upande huo limetoka ndani ya sikio la kushoto, na mfupa wa juu ndio ule ule niliozaliwa nao. Ukinitazama kwa mbali hutagundua kitu. Ukikaa karibu, penye mwanga, utaona kovu jembamba linalopanda kutoka kwenye nyusi hadi kwenye nywele, na utaona kwamba bawa la kulia la pua ni nene kidogo kuliko la kushoto. Wengi huona wakanyamaza kwa adabu. Mimi hupenda wanapouliza, kwa sababu mara nyingi anayeuliza ana mtu nyumbani aliyejifungia chumbani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, na nina ualbino. Mwili wangu hautengenezi melanini ya kutosha, ile rangi inayozuia miale ya jua isiharibu ngozi. Huku kwetu, karibu na Ikweta, jua halina msimu wa mapumziko. Saratani ya ngozi huwaondoa wengi wetu mapema, na huanzia pale jua linapofika bila kizuizi: masikio, midomo, shingo, mikono, pua.

Yangu ilianza kama ukoko mdogo ukingoni mwa tundu la kulia. Ulibanduka, ukatoa damu kidogo, ukarudi. Nilipewa mafuta ya kupaka, kisha mafuta mengine. Kidonda cha ngozi kisichopona kwa mwezi mzima kinatakiwa kikatwe kinyama kipelekwe maabara, na kwa mtu mwenye ualbino hakuna haja hata ya kusubiri mwezi. Nalisema hili kila ninapopata watu wa kunisikiliza: kwenye vikao vya wazazi, kanisani, kwenye kivuko. Kinyama changu kilipofika maabara hatimaye, majibu yalikuja kuwa ni saratani ya aina ya skwamasi, ile inayotupata zaidi sisi.

Upasuaji wa kwanza ulikuwa wa kuondoa. Daktari bingwa alitoa bawa lote la kulia na sehemu ya ncha ya pua, pamoja na ukanda wa ngozi iliyoonekana nzima kuzunguka ugonjwa, kisha akapeleka kingo zote zipimwe. Mpaka majibu yaje kwamba kingo ni safi, hakutaka hata kuzungumzia kujenga. Ukijenga juu ya saratani iliyobaki unaifunika ikue mahali usipoweza kuiona. Kwa hiyo nilikaa na upenyo uliozibwa kwa gozi, nikingoja karatasi kutoka maabara. Alinieleza kuwa ipo pua ya bandia, ya silikoni, inayogandishwa kwa gundi maalumu au kushikizwa kwenye fremu ya miwani, na kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wale ambao ugonjwa wao una uwezekano mkubwa wa kurudi, hiyo ndiyo njia ya busara. Nikamwambia nataka ya nyama yangu mwenyewe kama inawezekana.

"Basi vua kofia, Mwalimu," akasema.

Nikavua. Akawasha taa, akalikagua paji la uso wangu kwa muda mrefu, akilibonyeza kwa kidole, akitafuta madoa magumu na magamba ambayo jua huacha kwenye ngozi za watu kama mimi. Ngozi iliyokwisha kuharibiwa na jua haifai kupelekwa mahali pengine. Unaweza kuhamisha saratani changa ukidhani unahamisha dawa. Paji lilikuwa safi. Akaniuliza ni nani aliyenivalisha kofia utotoni.

"Mama."

"Mama amekuwekea akiba."

Mama hakuvuka darasa la nne, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza habari za miale. Aliona tu kwamba mtoto wake anaungua ambapo watoto wengine hawaungui. Alinishonea kofia za khanga kuukuu, ukingo wake akiutia kipande cha kiroba cha unga ili usilegee. Shuleni niliambiwa kofia si sehemu ya sare. Mama alitembea hadi shuleni, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi, akasema hataondoka mpaka aruhusiwe mtoto wake kuvaa kofia hata wakati wa paredi. Akakaa. Akaruhusiwa. Kofia ililinda paji, ikalinda kichwa, ikapunguza makali usoni kote. Pua ndiyo iliyotokeza. Jua huifikia hata ukiwa kivulini, kwa kurudi kutoka mchangani, majini, kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Daktari aliponiambia habari ya akiba, nililia kwa mara ya kwanza tangu niambiwe jina la ugonjwa. Mama alikuwa ameshafariki. Hakujua kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akitunza kipande cha ngozi ambacho siku moja kingekuwa pua.

Watu hudhani kutengeneza pua ni kazi ya kushona ngozi. Nami nilidhani hivyo. Pua ina tabaka tatu, na ile tunayoitazama kwenye kioo ni moja tu. Nje ni ngozi. Ndani kabisa ni utando laini, wenye unyevunyevu, unaopasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijashuka mapafuni. Katikati yake ndipo penye mfupa juu na gegedu chini, vitu vinavyoipa pua umbo na kuizuia isijifunge. Daktari alinieleza kwa nyumba ya kwetu ya udongo: ukitaka ukuta, kwanza unasimamisha nguzo na kufunga fito, ndipo unakandika, nje na ndani; ukiukandika udongo hewani bila fito, unaanguka siku hiyo hiyo. Ngozi bila gegedu husinyaa kadiri kovu linavyojivuta, na kila unapovuta pumzi, tundu linanywea na kuziba. Unakuwa na pua ya picha, isiyopumua.

Jambo moja lilinishangaza. Ile sehemu ya chini ya bawa la pua, nyama ile inayotanuka mtu akikasirika, kwa kawaida haina gegedu kabisa. Ni mafuta na nyuzi ngumu tu. Lakini anayeijenga upya hana budi kuweka gegedu hapo, kwa sababu ngozi ya kuhamishwa haina ule uimara wa asili. Kwa hiyo ili pua mpya ifanane na ya zamani, inawekewa kitu ambacho ya zamani haikuwa nacho.

Na kwa nini paji la uso? Ngozi ya paja au ya tumbo ikipelekwa usoni hubaki ngozi ya paja au ya tumbo, kwa rangi na kwa unene, miaka yote. Ya paji inafanana na ya pua kuliko nyingine yoyote. Zaidi ya hapo, kuna damu. Kipande cha ngozi kikikatwa kabisa na kuhamishwa, siku za kwanza huishi kwa kufyonza majimaji ya jeraha kilipolazwa, mpaka vimishipa vipya vikiingie. Kikilazwa juu ya nyama hai, mara nyingi hufaulu. Mimi chini palikuwa na upenyo mtupu. Hapakuwa na cha kufyonza. Ngozi ilibidi ije na damu yake. Kwenye paji, karibu na pale nyusi inapoanzia upande wa pua, hupanda ateri ndogo. Daktari huichuna ngozi kutoka juu karibu na nywele, huacha kikonyo chenye ateri hiyo kikiwa hakijakatwa, kisha hukizungusha kipande chote kishuke hadi puani. Kikonyo kinabaki kimevuka usoni, kati ya jicho na jicho, kikipitisha damu, hadi ngozi ipate mizizi katika makao mapya. Ndipo kinakatwa.

Kabla sijapewa dawa ya usingizi, aliisikiliza ateri yangu kwa kifaa kidogo kinachotoa sauti ya mapigo, akaitia alama kwa wino. Kisha akachukua karatasi ya bati iliyokuwa imefungia nyuzi za kushonea, akaikata kwa kufuata bawa la kushoto lililo zima, akaigeuza iwe ya kulia, akailaza kwenye paji langu na kuchora kuizunguka. Nakumbuka ubaridi wa ile karatasi. Pua yangu ya baadaye ilikuwa imelala pale, bapa, imepinduliwa kichwa chini, miguu juu.

Nilipopona nilisoma kila nilichopata juu ya jambo hili. Oktoba 1794 jarida la London liitwalo Gentleman's Magazine lilichapa barua kuhusu Cowasjee, mwendesha maksai wa jeshi la Waingereza nchini India. Katika vita vya 1792 alitekwa na askari wa Tipu Sultan, wakamkata pua na mkono mmoja. Alikaa takriban mwaka bila pua, mpaka mtu wa ukoo wa wafyatua matofali, karibu na mji wa Poona ambao leo ni Pune, alipomtengenezea nyingine. Fundi yule aliifinyanga nta nyembamba juu ya kisiki cha pua hadi ikapata umbo, akaikunjua, akailaza kwenye paji la uso, akachora. Akachuna ngozi iliyokuwa ndani ya mstari, akaacha kishikizo katikati ya macho ili damu iendelee kupita, akakizungusha kipande kishuke. Kishikizo kilikatwa mnamo siku ya 25. Nilisoma barua ile nikiwa nimeshika kovu langu kwa kidole. Nta badala ya karatasi ya bati. Mambo mengine nilikuwa nayajua kwa mwili, isipokuwa kwamba mimi nililazwa usingizi na yeye alikuwa macho.

Barua haikumtaja jina yule fundi. Kabla yake, maandiko ya kale ya Sushruta, pia ya India, yalikuwa yameeleza jinsi ya kujenga pua kwa ngozi ya shavu. Daktari Joseph Carpue wa London alijifunza habari za India, akafanya mazoezi kwenye maiti, akamfanyia mgonjwa wa kwanza mwaka 1814 na kuchapa kitabu miaka miwili baadaye, na kutoka hapo njia ya paji la uso ikaenea Ulaya. Jina la Carpue limo katika vitabu vya tiba. Naona ni haki kusema, hata katika makala ya mwalimu wa Sengerema, kwamba pua yangu ina deni kwa mfyatua matofali ambaye mwandishi wa ile barua hakumtaja jina.

Nimeeleza mambo haya ya ufundi kwanza kwa sababu wagonjwa huniuliza juu ya kisu, na mimi nataka kuwaeleza juu ya majuma ya katikati. Siku ya upasuaji unalala, hujui kitu. Siku ya mwisho unafurahi. Kati yake kuna muda ambao sura yako ni mbaya kuliko ilivyokuwa kabla hujaja hospitali, na ndio muda ambao matibabu yenyewe yanafanyika. Hakuna anayeyaona. Vimishipa vinaingia ndani ya ngozi mpya, kimoja kimoja, wala hakuna dawa ya kuviharakisha.

Kikonyo changu kilikuwa na unene wa kidole. Upande wake wa ngozi ulikuwa laini, upande wa nyuma ulikuwa nyama tupu inayotoa majimaji na damu, ukifungwa kwa gozi iliyopakwa vazelini. Juu ya paji, karibu na nywele, palibaki sehemu ambayo ngozi haikuweza kuvutwa ikakutana. Daktari aliiacha wazi ijifunge yenyewe, chini ya bandeji, na ilijifunga. Sikuweza kuvaa miwani, kwa kuwa kikonyo kilipita pale pale inapokaa, nami bila miwani naona ukungu. Tone la maji likiangukia puani nililisikia kwenye paji: mishipa ya fahamu ilikuwa bado inadhani iko nyumbani. Na pua yenyewe ilikuwa donge, nene, lisilo na umbo, kwa sababu mwanzoni ngozi hulazwa ikiwa na unene wake wote, na ncha yake hukunjwa ndani ili iwe utando wa tundu. Nilipojiona kwa mara ya kwanza niliwaza kwamba nimefanyiwa jambo lisilorekebishika.

Na sisi watu wenye ualbino tuliokulia Kanda ya Ziwa tuna historia yetu na macho ya watu. Mwishoni mwa muongo wa 2000 wenzetu waliuawa, wengine wakakatwa mikono na miguu wakiwa hai, kwa sababu kuna watu waliowaaminisha wengine kwamba viungo vyetu huleta utajiri. Tulijifunza kutotembea peke yetu, kutozoea mgeni, kuchunguza mtu anayetukazia macho. Sasa nilikuwa na uso ambao hakuna aliyeweza kupita bila kuukazia macho.

Hospitali walinitoa nikangojee nje, nirudi kwa kusafishwa kidonda. Nyumbani Sengerema palikuwa mbali, kwa hiyo nilikwenda kwa shangazi, Mabatini, hapo hapo Mwanza. Nilikuwa nimeshapanga: nitakaa chumbani, nitafunga pazia, nitakula huko. Shangazi aliniachia siku ya kwanza. Jioni ya pili akaingia na kuchukua sahani yangu.

"Mwanangu, kwangu hakuna anayekula chumbani isipokuwa mzazi na mgonjwa wa kuhara. Wewe huna lolote kati ya hayo. Njoo kibarazani."

"Shangazi, watu wataogopa."

"Wataogopa leo. Kesho watakuwa wamechoka."

Alisema kweli, ila alikosea kwa siku kadhaa tu. Majirani walikuja kwa wingi, wengine kwa kisingizio cha kuomba chumvi. Wapo walioangalia chini. Mama mmoja alianza kulia, shangazi akamtuma maji ya kunywa. Kisha mtoto wa nyumba ya pili, ambaye hakuwa amefika umri wa shule, akasogea mpaka magotini pangu na kuuliza, "Anti, hiyo inauma?" Nikamwambia kidogo. Akauliza ni ya nini. Nikamweleza kwamba inapeleka damu puani, na pua ikishajua kujilisha itakatwa. Akatafakari. Akauliza kama ikikatwa nitampa. Tangu siku hiyo yeye ndiye alikuwa mwelezaji wangu mkuu mtaani. Alimweleza kila aliyepita, kwa sauti, kazi ya kikonyo. Kufikia juma la pili nilikuwa nakaa kibarazani tangu alasiri, kofia kichwani juu ya bandeji, shangazi akinisomea gazeti kwa kuwa sikuwa na macho.

Sikujua wakati ule kwamba jambo alilofanya shangazi liliwahi kufanywa kwa mji mzima. Katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alitibu huko Sidcup, Uingereza, askari waliovunjwa nyuso kwa risasi na mizinga. Inasimuliwa kwamba baadhi ya mabenchi ya barabarani yalipakwa rangi ya buluu ili wapita njia wajue kwamba atakayeketi hapo anaweza kuwa na uso wa kutisha, wajiandae. Vita vya Pili vilipokuja, binamu yake Archibald McIndoe alitibu marubani walioungua, katika mji mdogo wa East Grinstead. Yeye alikwenda njia nyingine. Alizungumza na wenyeji wawapokee wagonjwa majumbani, wawaone baa na sinema, wawatazame usoni wanapoongea nao. Wagonjwa walitoka na vikonyo vyao, maana wengi walihitaji upasuaji mwingi wa miezi na miaka. Mwaka 1941 wakaanzisha chama chao, Guinea Pig Club, ambacho hadi vita vinakwisha kilikuwa na wanachama 649. Mji ule ukapata sifa ya kuwa mji usiokodoa macho.

McIndoe huyo huyo, pamoja na Michael Wood na Mmarekani Tom Rees, wote watatu wakiwa madaktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo, ndio walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki, ambayo leo tunaijua kama Amref. Nilipolijua hilo nilifurahi sana. Wengi wetu tunaifahamu Amref kwa chanjo, maji safi na mafunzo ya wahudumu wa afya; mzizi wake mmoja uko kwa watu waliokuwa wakijenga nyuso.

Wodini nilimwacha dada mmoja ambaye pua yake iling'atwa na mumewe. Jeraha la aina hiyo si geni katika wodi zetu. Vitanda vyetu vilikuwa jirani na matibabu yetu yalikaribiana, lakini wageni walipokuja, mimi niliulizwa, "Uliugua nini?" na yeye akaulizwa, "Ulifanya nini?" Kukosa pua kumebeba tuhuma tangu zamani. India ya kale pua ilikatwa kama adhabu, na uzinzi ulikuwa mojawapo ya sababu. Ulaya ya wakati wa Gaspare Tagliacozzi wa Bologna, aliyechapa mwaka 1597 kitabu cha kujenga pua kwa ngozi ya mkono, mgonjwa akifungwa mkono kichwani kwa wiki kadhaa, pua iliyoanguka ilihusishwa na kaswende, na kila aliyeipoteza kwa sababu nyingine alitazamwa kwa shaka hiyo. Dada yule alichoka kuulizwa. Aliondoka akiwa na kikonyo, akaenda kwao, akajificha, na akapita muda mrefu kuliko ilivyotakiwa kabla hajarudi kukatwa. Ngozi haikudhurika kwa kuchelewa. Daktari alisema imeshika vizuri. Ila alikuwa amekaa miezi ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, akila peke yake, kwa kosa la mtu mwingine. Mimi nilikuwa na bima ya mwalimu na shangazi wa Mabatini. Yeye hakuwa na kimoja wala kingine, na sioni tofauti nyingine kati yetu.

Upasuaji wa pili wa kujenga ulikuja baada ya majuma kadhaa, na huo ndio uliokuwa wa umbo. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Linaishi kwa kufyonza kutoka kwa majirani, kwa hiyo linahitaji nyama hai pande zote mbili. Likiachwa wazi upande mmoja hukauka na kufa. Ndiyo maana daktari alingoja: ile ngozi iliyokunjwa ndani ishike kwanza, iwe utando wa kweli, ndipo gegedu lipate pa kulala. Alilitoa ndani ya bakuli la sikio, akauacha ukingo wa nje ambao ndio unaolipa sikio sura yake. Leo ukiyalinganisha masikio yangu huwezi kujua lipi lilitoa. Alilichagua la sikio kwa sababu tayari limepinda, na bawa la pua limepinda. Kwa pua iliyobomoka zaidi, inayohitaji mhimili mrefu, huchukuliwa gegedu la ubavu. Hilo lina nguvu, lakini likichongwa vibaya hupinda baadaye, hata likiwa ndani ya pua. Aliifunua ngozi, akapunguza mafuta ya chini yake mpaka ikawa nyembamba, akaweka gegedu, akaifunika tena. Kikonyo kikabaki. Nikarudi kibarazani.

Siku ya kukata kikonyo ilikuwa fupi kuliko zote. Ganzi, mkasi, nyuzi chache. Kilichobaki juu kilirudishwa kwenye nyusi ili mwanzo wa nyusi usiende kombo. Nilivaa miwani mchana ule, nikasoma bango la ukutani kuhusu kunawa mikono, neno kwa neno. Uvimbe uliendelea kupungua kwa muda wa karibu mwaka. Hisia zilirudi polepole na hazikurudi zote. Ncha bado ina ganzi kidogo asubuhi za baridi. Kwa muda vinywele vichache viliota puani, kwa sababu ngozi ile ilichukuliwa hadi mpakani mwa nywele, na nikawa nikiving'oa. Hewa inapita. Nikilala chali, mdomo umefungwa, nasikia hewa ikipita tundu zote mbili, na tundu la kulia halinywei.

Huwa narudi kliniki ya ngozi kila inapotakiwa, kwa sababu ngozi iliyougua mara moja inaweza kuugua tena, na madoa mawili matatu yameshachomwa kwa baridi yakiwa bado machanga. Napaka Kilisun, yale mafuta ya kujikinga na jua yanayotengenezwa Moshi kwa ajili yetu, asubuhi na tena mchana, na napaka puani zaidi, maana ngozi ile imetoka chini ya kofia na haijazoea jua. Darasani kwangu yuko mvulana mwenye ualbino. Anavaa kofia wakati wa paredi, na hakuna aliyehitaji kuketi kwenye benchi la ofisi kwa ajili hiyo.

Juzi alinipigia baba mmoja kutoka Geita, aliyepewa namba yangu na muuguzi kwa ruhusa yangu. Amepangiwa upasuaji wa paji la uso. Alikuwa na maswali ya kulala, nikamwambia aweke mito miwili na alale chali. Akauliza habari ya kuoga, ya kutafuna, ya damu usiku. Damu kidogo kwenye gozi ni kawaida, nikamwambia. Ikitiririka, bonyeza kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Ukiona ngozi ya pua inageuka nyeusi au zambarau, usingoje asubuhi. Mwishoni akanyamaza, nikajua swali lenyewe ndilo linakuja.

"Mwalimu, nina wajukuu wadogo. Wataniogopa?"

Nikamwambia siku ya kwanza wataogopa, na asikasirike. Aketi wanapokaa wote, ale chakula wakimwona, na wakiuliza kikonyo ni cha nini, awaeleze ukweli wote, kwa sababu watoto huuelewa.

"Na mama yao akiwazuia?"

Nikamwomba anipe namba ya mama yao.